Kununua nyumba ya kupangisha uswahilini, Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu nyumba za vyumba vya kupangisha katika mitaa ya ndani ya jiji ambako kodi ya chumba bado iko chini: Magomeni, Mwananyamala, Manzese, Tandale, Ilala, Buguruni, Keko, Temeke, Tandika. Hayahusu apatimenti za Masaki wala viwanja vya Kigamboni. Bei zilizotumika kwenye mifano ya hesabu ni za kuonyesha njia tu. Zitoe, weka za mtaa wako.

Kodi ya vyumba inarudisha hela kweli?

Polepole kuliko dalali anavyosema. Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba 3 kila upande, na banda la uani lenye vyumba 3. Jumla vyumba 9. Tuseme inauzwa Sh 85,000,000, na gharama za kuhamisha umiliki pamoja na marekebisho ya mwanzo zikala Sh 10,000,000. Mtaji wako ni 95,000,000.

Kila chumba kwa 60,000 ni 540,000 kwa mwezi, yaani 6,480,000 kwa mwaka. Hapo ndipo wengi wanapoishia kupiga hesabu. Endelea kutoa: kila chumba kitakaa tupu wastani wa mwezi mmoja kwa mwaka (540,000). Matengenezo yatakula kama asilimia 10 ya kodi yote (648,000). Choo cha shimo kinachotumiwa na watu zaidi ya 20 kinanyonywa labda mara tatu kwa 120,000 (360,000). Kodi ya jengo 18,000. Asilimia 10 ya TRA kwenye kodi uliyopokea (594,000). Kinachobaki ni 4,320,000, sawa na asilimia 4.5 ya mtaji.

Linganisha na hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Benki Kuu ilipopunguza riba mwaka 2022, ile ya miaka 20 ilibaki asilimia 12.10, bila choo kuziba na bila mpangaji kuhama usiku. Asiyekula riba hesabu hiyo haimhusu, lakini hata yeye aione. Mwenye nyumba ya uswahilini hapati faida yake kwenye kodi ya siku ya kwanza. Anaipata kwenye thamani ya kiwanja kilicho karibu na Kariakoo, na kwenye hela ya pili anayoitia nyumbani: kurekebisha nyaraka, kujenga choo cha ndani, kufungua fremu. Ukiona huna hela ya pili, subiri kwanza.

Kwa nini basi nisiende nje ya mji ambako kiwanja ni nafuu?

Nenda, kama unajenga ya kuishi. Mpangaji wa chumba hununua nauli pamoja na chumba. Muuzaji wa Kariakoo anayefika dukani saa kumi na mbili asubuhi, nesi wa zamu Muhimbili, mwanafunzi wa chuo cha elimu pale Chang'ombe, kibarua wa viwanda vya Vingunguti, wote wanapiga hesabu ya mabasi mangapi kwenda na mangapi kurudi. Chumba cha 60,000 kinachotumia basi moja kinamshinda cha 35,000 kinachotumia mawili. Ndiyo maana chumba cha Ilala kikiwa wazi Jumatatu, Ijumaa kina mtu.

Mwendokasi nao umebadilisha ramani. Tangu mabasi ya Barabara ya Morogoro yaanze mwaka 2016, nyumba iliyo dakika chache kwa miguu kutoka kituoni Magomeni au Manzese ina bei yake peke yake. Pima kwa miguu yako mwenyewe. "Karibu na kituo" ya dalali inaweza kuwa na mtaro wa kuruka katikati.

Muuzaji ana karatasi ya serikali ya mtaa. Inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Nyumba za mitaa hii huja na nyaraka za aina nne, na kila moja ina uzito wake.

Hati miliki ndiyo ya juu: kiwanja kimepimwa, kina namba na kitalu, muda wake ni miaka 33, 66 au 99. Sehemu kubwa ya Ilala, Magomeni na Temeke ya zamani ilipangwa tangu enzi za mkoloni, na Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970, kwa hiyo huko hati si jambo la ajabu. Soma tarehe ya mwanzo. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1995 inaisha 2028, na gharama ya kuihuisha itakuwa yako.

Ofa, yaani barua ya toleo, huonyesha kwamba mtu aligawiwa kiwanja. Wapo waliokaa na ofa miaka 30 bila kufuatilia hati. Inanunulika, ila kodi ya pango la ardhi ya miaka yote isiyolipwa inakuwa imelala humo. Omba deni lake kwa maandishi kabla ya kukubaliana bei.

Leseni ya makazi ilianza kutolewa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 kwa maeneo yasiyopimwa kama Tandale, Manzese na Buguruni, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Ni ya miaka michache tu na lazima ihuishwe. Uhamisho wake unapitia manispaa. Ikiwa imekwisha muda, mwambie muuzaji aihuishe kwa jina lake kwanza. Usikubali "utahuisha mwenyewe ukishanunua".

Mwisho ni mkataba wa mauziano wenye muhuri wa mtaa. Huo unathibitisha kwamba majirani wanamfahamu muuzaji. Hauhamishi umiliki. Mwenyekiti akidai asilimia 10 ya bei ili agonge muhuri, jua hiyo si kodi ya serikali. Malipo halali ya serikali siku hizi yana kontro namba na stakabadhi. Yasiyo nayo ni ya mfukoni.

Kwa nyumba yenye hati au ofa, fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya "kushikilia". Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa na ndugu au mahakama. Nakala inayoonyeshwa kwenye simu haisemi lolote kati ya hayo.

Ni nyumba ya urithi. Watoto wote wamekubali kuuza. Kuna tatizo?

Kukubali kwa mdomo hakuna kazi. Nyumba nyingi za mitaa hii zilijengwa na babu, na leo watoto na wajukuu wake wote wana sehemu ndani yake, wakiwemo walio Muscat na Mwanza. Anayeuza kisheria ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo, barua yake ya usimamizi ni Fomu Na. IV. Iombe, kisha nenda na namba ya shauri kwenye mahakama yenyewe uhakikishe ni ya kweli, haijatenguliwa, na hakuna pingamizi linaloendelea.

Zaidi ya hapo, taka muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na warithi wote, picha zao na nakala za vitambulisho vyao. Fedha zilipwe kwenye akaunti iliyoandikwa kwa jina la mirathi au zigawanywe benki mbele ya wakili. Mrithi aliyerukwa hafi. Atakuja baada ya miaka mitano, ukiwa umeshaweka vigae.

Kama muuzaji yu hai na ana ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa iwe ya maandishi, na kama wake ni wawili, wote wasaini. Yule anayeishi kijijini hatoki kwenye hesabu kwa kuwa hajulikani mtaani.

Siku ya kukagua niangalie nini?

Nenda mara tatu: mchana, usiku saa tatu wapangaji wakiwa wamerudi, na mvua ikiwa inanyesha. Aliyenunua Januari bila kuona masika ya Machi hadi Mei hajaiona nyumba.

Anza na usawa wa sakafu. Barabara za mitaa hii zimeinuliwa kila zilipokarabatiwa, nyumba zikabaki pale pale. Ukisimama barazani ukaona unashuka ngazi kuingia ndani, maji nayo yatashuka. Tafuta mstari wa matope kwenye ukuta wa uani, nyuma ya ndoo na matenki, mahali ambapo mwenye nyumba hakupaka rangi.

Kisha kuta. Plasta inayobanduka kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti au kiuno ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka chini, kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi cha unyevu, au tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi. Rangi mpya haiiondoi. Itatoka baada ya miezi sita. Dawa ni kubandua plasta yote ya chini, kuacha ukuta ukauke, na kupiga upya kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Piga hesabu ya mita, upunguze kwenye bei. Gonga pia uone kama ukuta ni wa tofali au ni wa fito na udongo uliopigwa plasta. Wa fito husikika mzito na mfu, na msumari huingia kama kwenye keki. Nyumba ya fito nunua kwa bei ya kiwanja.

Panda darini kwa ngazi. Chokonoa mbao kwa bisibisi pale zinapokutana na ukuta, ndiko mchwa huanzia. Mabati angalia kwenye misumari. Pwani huku bati la geji 32 ni jembamba mno. Ukibadilisha weka 28, kumbuka namba ikipanda bati linapungua unene.

Mwisho, choo. Uliza kilijengwa lini, kinanyonywa kila baada ya muda gani, na kwa bei gani; waulize wapangaji, si muuzaji. Halafu pima kwa hatua kutoka shimoni hadi mahali gari la kunyonya linapoweza kusimama. Ikizidi mita kama 30, ongea na mwenye gari kabla ya kununua, maana mpira una mwisho wake. Nyumba iliyo ndani ya kichochoro ambacho gari halifiki huishia "kutapisha" choo wakati wa mvua, yaani kukifungulia mtaroni. Hilo ni kosa, ni kipindupindu, na ni ugomvi na mtaa mzima. Kwa maoni yetu, njia ya gari la choo ina thamani kuliko chumba kimoja cha ziada.

Nyumba ya bondeni ni nusu bei. Nichukue?

Usichukue. Bonde la Msimbazi, yaani Jangwani na kando za Kigogo, Mchikichini na Hananasif, limefurika mara nyingi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakazi wengi walipewa viwanja Mabwepande, na bado nyumba za bondeni ziliendelea kupangishwa na kuuzwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mradi wa kuendeleza bonde hilo umeshalipa fidia na kubomoa. Anayekuuzia leo kwa nusu bei anaweza kuwa ameshachukua fidia yake.

Kwa nyumba ya kando ya barabara kubwa, tafuta nguzo za mpaka wa hifadhi ya barabara na alama ya X ukutani, hata iliyopakwa rangi juu yake. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati.

Hatua za kununua zinakwendaje, na nitenge kiasi gani juu ya bei?

Kwa nyumba yenye hati: upekuzi, mkataba wa mauziano mbele ya wakili, pamoja na malipo ya awali, uthamini unaofanywa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, maombi ya kibali cha uhamisho, malipo TRA, kisha usajili kwa Msajili wa Hati. Muuzaji hudaiwa asilimia 10 ya faida aliyoipata kwenye mauzo kama ni mkazi, na ushuru wa stempu ni asilimia 1. Wakili na mthamini unaelewana nao.

Kitu kinachokwamisha ni ile asilimia 10. Muuzaji huwa amesahau, au ameshamaliza hela. Andika kwenye mkataba nani analipa, na bakiza benki kiasi cha kuifidia mpaka stakabadhi ya TRA itoke. Wapo wanaoshusha bei kwenye mkataba ili kukwepa. Mthamini atakuja na bei yake na mtalipa kwa hiyo. Na wewe siku ukiuza, faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Funguo zipokee siku umiliki unapohama, au siku fedha za mwisho zinapotoka. Si kabla.

Nyumba ina wapangaji tayari. Hiyo ni faida?

Ni faida ikiwa unajua walicholipa. Mchezo wa kawaida: muuzaji akishapata mnunuzi, anapita chumba hadi chumba akiwapa wapangaji punguzo wakilipa miezi sita au mwaka mbele. Unaingia, wote wana risiti, na huna kodi hadi mwakani.

Kabla ya kusaini, fanya orodha ya kila chumba: jina, kodi, amelipa hadi tarehe gani, ana deni la maji au umeme. Mpangaji asaini, muuzaji asaini, mjumbe ashuhudie. Kodi iliyokwisha kulipwa kwa miezi ya baada ya wewe kununua inatolewa kwenye bei. Mpangaji yeyote atakayesema "mimi ni ndugu, silipi" aondoke kabla ya malipo ya mwisho. Huyo ndiye mgumu kuliko wote.

LUKU moja kwa nyumba nzima au kila mpangaji na yake?

LUKU moja ndiyo chanzo namba moja cha ugomvi uani. Mwenye friji la kuuza barafu na mwenye taa moja wanachanga sawa, hadi siku taa inazimika na kila mtu anasema amechanga jana. Sabmita ndogo kwa kila chumba hupunguza kelele, lakini bado lazima mtu mmoja akusanye hela.

Mita ya TANESCO kwa kila sehemu ni bora pale unapotengeneza vyumba vinavyojitegemea. Tangu Januari 2022 ada ya kuunganishwa mjini, kwa njia moja ndani ya mita 30 bila nguzo, ilirudishwa kuwa Sh 320,960. Utahitaji fundi mwenye leseni achore na kukagua nyaya, na nyaya za nyumba za zamani mara nyingi hazipiti. Tenga hela ya kuzivuta upya, pamoja na waya wa ardhini ambao nyingi hazina.

Sasa tahadhari: kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Kwa nyumba ya chini ilianza 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Inatakiwa jengo likatwe mara moja. Ukiwa na mita tano, zote zinaweza kuanza kukatwa, na wapangaji watakuja na jumbe za simu kukudai. Peleka namba za mita zote ofisini ubakize moja, na umfidie mpangaji mwenye mita hiyo kwenye kodi yake. Ni deni lako, si lake.

Nibadilishe vyumba viwe self?

Hapa ndipo hela ya pili inapofanya kazi. Katika mfano wetu, vyumba 6 vya nyumba kubwa unavigeuza kuwa sehemu 3 za chumba na sebule zenye choo ndani, kila moja 180,000. Banda la uani linabaki kama lilivyo. Kodi inapanda kutoka 540,000 hadi 720,000 kwa mwezi. Kama kazi imegharimu 18,000,000, nyongeza ya 2,160,000 kwa mwaka ni asilimia 12 ya hela hiyo kabla ya makato, mbali na wapangaji kupungua kutoka familia tisa hadi sita na choo kupumua.

Kinachoharibu kazi hii ni mteremko wa bomba. Bomba la choo la inchi 4 linataka kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Kutoka chumba cha mbele hadi shimo la uani ni labda mita 12. Hiyo ni sentimita 30 za kushuka. Sakafu ya nyumba ya zamani iko chini, kwa hiyo fundi asiyepima hulaza bomba karibu bapa, na baada ya miezi minne linaziba kila wiki. Pima kwanza kwa mpira wa maji. Kama kimo hakitoshi, inua sakafu ya bafu kwa kifusi au sogeza shimo. Weka chemba kila bomba linapokata kona, na moja mwanzoni. Chemba iliyofunikwa na vigae haina maana.

Bafu la mita 1.2 kwa 1.8 linatosha choo na kuoga. Liwe na dirisha la nje au bomba la hewa. Bafu lisilopumua huozesha dari ya sebule.

Shimo la zamani halitabeba maji ya kuvuta. Kwa watu kama 20, tenki la septiki lenye nafasi ya ndani ya mita 3 urefu, 1.2 upana na 1.6 kina cha maji, limegawanywa vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili, linafaa, kisha shimo la pili lenye kuta za matundu kupokea maji. Chimba la majaribio mwezi Aprili. Ukikutana na maji kwa kina cha mita moja, shimo la pili halitanyonya masika, na utakuwa unanyonya kwa gari kama zamani.

Na fremu mbele?

Kama nyumba inatazama njia yenye watu, ndiyo. Fremu moja ya kinyozi au wakala wa fedha za simu inaweza kulipa zaidi ya vyumba viwili, na mpangaji wake hutengeneza ndani mwenyewe. Baraza hugeuzwa, chumba cha mbele hukatwa. Manispaa itataka kibali. Andika kwenye mkataba aina ya biashara: grosari yenye muziki itakuhamishia wapangaji wote wa nyuma.

Nipandishe ghorofa juu ya hii hii?

Msingi wa nyumba ya Kiswahili ulijengwa kubeba bati. Ghorofa ni kubomoa, kupima udongo, michoro, kibali, mhandisi na mkandarasi waliosajiliwa. Jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu liliwakumbusha wengi bei ya njia ya mkato. Wawekezaji watakuja kukuomba ubia: wewe kiwanja, wao ujenzi, mgawane sakafu. Ukikubali, hati isitoke mikononi kabla ya kibali, na mkataba useme ni nani anakaa ghorofa ya chini, kwa sababu ndiko kwenye maduka.

Mkataba na mpangaji uweje?

Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unatosha: majina na namba za NIDA, chumba, kodi, tarehe ya kuanza na kuisha, idadi ya watakaolala, nani analipa maji, umeme, taka na choo, na muda wa notisi. Weka nakala kwa mjumbe, naye amwandike mgeni kwenye daftari la mtaa.

Mazoea ni miezi mitatu au sita mbele, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji. Dalali hupata hela mtu akihama, kwa hiyo hana haraka ya kukuletea anayekaa. Lipa kitu kidogo wewe mwenyewe kwa kila mpangaji atakayehuisha mkataba. Utashangaa ubora unavyopanda.

Kodi ya mwaka mzima inavutia, lakini huwezi kuirekebisha na mara nyingi imeshatumika ifikapo mwezi wa tatu, choo kikiwa kimejaa mwezi wa nne. Sisi tunapendelea mitatu mitatu.

Hajalipa miezi miwili. Nikifunga mlango kwa kufuli langu?

Utakuwa mkosaji wewe. Kung'oa bati, kukata umeme au kutoa vyombo nje vinakugeuza mdaiwa wa fidia. Andika notisi ya siku 30, ipokelewe mbele ya mjumbe. Asipotoka, peleka Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Wasipopatana utapewa cheti, uende nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Miezi inapita, na gharama zinapita deni. Ndiyo maana wenye nyumba wazoefu humsamehe mdaiwa mwezi mmoja kwa sharti ahame Jumapili, kisha humsaidia na mkokoteni.

TRA wanahusikaje na chumba cha 60,000?

Pango linatozwa asilimia 10, na mpangaji wa biashara, mfano wa fremu, anatakiwa kuzuia kiasi hicho na kukuletea cheti cha kodi ya zuio. Kwa vyumba vya kulala jisajili, tunza orodha ya kodi ulizopokea, ulipe. Sababu ya kujali si uadilifu tu: benki itakapokutaka uonyeshe kipato cha nyumba kwa mkopo, rekodi hiyo ndiyo inayosoma.

Niko nje ya nchi. Ndugu anaweza kunisimamia?

Anaweza, kama kazi imeandikwa. Kwa kununua, mpe hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa ubalozini, itaje nyumba hiyo tu na iwe na tarehe ya mwisho, kisha isajiliwe. Jina kwenye mkataba liwe lako, si lake "kwa muda". Kwa kusimamia, wapangaji walipe kwenye akaunti yako au namba yako ya malipo ya simu, na ndugu umlipe asilimia iliyotajwa kila mwezi. Ndugu asiyelipwa hujilipa. Matengenezo yanayozidi kiasi mlichokubaliana yaje na picha ya kabla, picha ya baada na risiti ya duka la vifaa, na mara moja kwa mwaka mtume mtu mwingine asiyefahamiana naye akahesabu vyumba na kuuliza kila mpangaji analipa ngapi.